Ruka Sura ya Kwanza

3 Februari

Mwanangu Waya,

Najua utaanza na shikamoo, basi marahaba yake naitanguliza ili tusipoteze karatasi. Baba yako mzima, isipokuwa goti. Amekataa kwenda kwa daktari, anasema goti lilianza kuuma bila kuitwa, litaacha bila kufukuzwa. Anashona kwa kukanyaga cherehani na mguu mmoja, na suruali zinatoka vizuri tu, kwa hiyo hakuna wa kumwambia kitu. Dada yako amejifungua mtoto wa kike. Nilikwenda kumsaidia, nikalala na mtoto chumba kimoja wiki nzima. Wenzangu wote wanalalamika kuwa analia mno. Mimi sikuona shida.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Hapa masjala wametuletea kompyuta mpya kumi na mbili. Ile ya zamani nilikuwa nimeiweka kiganjani: skrini nyeusi, herufi za kijani, amri saba. Ukiiandikia amri inatii, usipoiandikia inakaa kimya kama mtu mwenye adabu zake. Hii mpya ni mapicha matupu, na kipanya cha kusukuma juu ya meza. Unabofya hapa linafunguka dirisha, unabofya humo linafunguka jingine juu yake, mpaka mtu hajui alikotoka. Tunaambiwa kilichobadilika ni mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha mashine na kuzigawia nyingine kazi. Mama huyu na mimi bado hatujaelewana.

Mwisho wa Juni kuna mtihani. Atakayefeli anapewa barua ya kustaafu mapema. Nina miaka hamsini na mbili, na ishirini na sita kati ya hiyo nimeikalia hapa dirishani nikiwatolea watu majalada ya viwanja vyao. Sitaki kustaafu, Waya. Nikae nyumbani nimtazame baba yako na goti lake?

Mafunzo yapo kila Jumanne, lakini mwalimu mwenyewe anafundisha akiutazama ukuta. Mimi nataka kitabu, kimoja tu, cha mtu anayeanza. Wewe ndiye mhandisi wa kompyuta katika ukoo huu, utajua kipi kinafaa. Nichagulie, unitumie.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi,

Shikamoo yangu imechelewa lakini imekuja kwa miguu yake, ipokee. Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Mwambie dada nitamtumia kitu mwisho wa mwezi, na mzee mwambie goti halina akili, lisimshinde ubishi. Mimi bado niko chumba kilekile, ghorofa ya tatu, bomba la maji linakoroma kuliko jirani. Kazi ni nyingi. Kuanzia asubuhi mpaka jioni natatua matatizo ya kompyuta za watu, nikitoka kichwa kinavuma.

Shangazi, vitabu vya kompyuta achana navyo. Vinachacha kama maziwa; kikifika dukani mfumo wenyewe umeshabadilika. Siku hizi watu wanajifunza kwa kusikiliza. Nimekuwekea humu diski yenye masomo ishirini. Itumbukize kwenye mashine, weka sauti, kuna mtu atakuongoza taratibu hatua kwa hatua. Na kuna njia nzuri zaidi: nitumie namba ya simu ya masjala. Nitakupigia kila Jumatano saa sita, dakika ishirini tu. Mtu yeyote nikiongea naye dakika ishirini anaelewa. Mdomo ndio mali yangu, unajua.

Mwanao, Waya


8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako amecheka habari ya ubishi, kisha akakasirika. Mtoto amepewa jina la bibi yako, na sasa kila anayemwita mtoto anageuka kutazama mlangoni kama vile marehemu ataingia.

Diski yako nairudisha, iko kwenye bahasha hii. Huyo mtu wa ndani ana haraka, sijui anakimbilia wapi. Na simu usipige. Simu ya masjala ni ya kazi, namba yake imo kwenye kila barua ya ofisi lakini haikuwekwa kwa ajili ya mashangazi.

Ngoja nikueleze kitu, labda hujui. Kupiga chapa nilijifunza kwa kitabu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, pesa ya chuo haikuwepo. Nilikiegemeza kwenye debe la unga, nikafunika vidole kwa kitambaa nisivione, nikafuata ukurasa kwa ukurasa, kama kilivyosema, bila kuruka hata nukta. Baada ya miezi minne nilikuwa naandika bila kutazama. Kitabu unakiuliza jambo moja mara kumi na hakikunji uso. Karani mwenzangu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hanyamazi, ukimwomba arudie neno anapandisha mabega. Mwalimu wa Jumanne ukimwomba arudie anawatazama wengine kwanza, halafu wanatabasamu.

Jumanne iliyopita alisema kitu, darasa zima likabofya. Mimi nikabofya pia, mahali pangu. Mashine ikazima. Sikwenda tena Jumanne hii. Nilisema nina mafua.

Nakuomba kitabu, Waya. Sikuombi ushauri. Mtu akikuomba maji usimpe maelekezo ya kisima.

Shangazi


22 Machi

Shangazi, shikamoo.

Umenisema nikasemeka. Kitabu hiki hapa, na ni kitabu kwelikweli: kurasa mia tisa. Muuzaji alisema hiki ndicho wanachonunua wataalamu wote, na juu kimeandikwa kabisa kuwa ni cha anayeanza mpaka bingwa. Nimekipitia, kimetulia. Kifuate kama ulivyofuata kile cha kupiga chapa, ukurasa kwa ukurasa, na Juni utawafundisha hao wanaotabasamu.

Nilitaka kuandika zaidi lakini zamu yangu inaanza. Habari za mwaka huu kurudi nyumbani bado sijajua, tusubiri tuone kazi itakavyokuwa. Msalimie mzee. Nakumbuka ni mwaka wa tano, usinikumbushe.

Waya


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa nimesimama posta.

Usifanye sura ya kwanza. Ruka sura ya kwanza. Jana mwenzangu wa kiti cha jirani aliniuliza nimekununulia kitabu gani, nikamtajia, akashika kichwa. Anasema sura nzima ya kwanza ni ya kuuweka mfumo upya kwenye mashine tupu. Ukifanya kinavyosema inafuta kila kitu kilichomo. Mashine yako ya kazini tayari ina mfumo, anza sura ya tatu.

Namba ya masjala nilimwomba mzee kwa barua mwezi uliopita, akaitoa kwenye barua ya kiwanja chake. Leo kuanzia saa sita nimepiga mara kumi na moja. Inaita mpaka inakatika, hakuna anayepokea. Shangazi, mnakula wote kwa pamoja huko? Ukipata barua hii na hujaanza, shukuru Mungu. Ukiwa umeanza, acha hapo ulipo.

Waya


3 Aprili

Mwanangu Waya,

Habari za nyumbani nitaandika siku nyingine. Nimeharibu.

Kitabu chako kilifika Ijumaa. Jumamosi na Jumapili nilisoma kurasa arobaini za mwanzo mara tatu. Sikuelewa nusu yake, lakini hata kile cha kupiga chapa sikukielewa mwanzoni. Nilifuata tu, maana ikaja baadaye. Basi jana wenzangu walipotoka kwenda kula, nilibaki na sandwichi yangu mezani, nikaweka kitabu kando ya mashine, nikaanza sura ya kwanza. Kilisema ingiza diski iliyobandikwa nyuma ya jalada. Nikaingiza. Kilisema zima, washa. Nikazima, nikawasha. Kilisema chagua diski kuu. Nikachagua. Mashine ikaniuliza kama nina hakika nataka kuendelea, vyote vilivyomo vitafutwa. Nikatazama kitabu. Kitabu kinasema: jibu ndiyo.

Nikajibu ndiyo, Waya. Kitabu umenichagulia wewe, na ukasema umekipitia.

Ile orodha ya majalada ilikuwa humo. Majalada elfu mbili na mia tatu, kila moja na kabati lake, rafu yake na namba yake, kazi yangu ya miaka tisa. Zamani nilikuwa nainakili kwenye diski ndogo kila Ijumaa kwa amri ya nne kati ya zile saba. Kwenye mfumo huu mpya sikujua amri ya nne imehamia wapi, nikawa nasema nitauliza. Na zile diski ndogo za zamani mashine hizi mpya hazina hata pa kuzitumbukiza.

Wenzangu waliporudi walikuta mashine inasema hongera.

Majalada yenyewe yapo kabatini, hakuna kiwanja cha mtu kilichopotea. Lakini bila orodha, mtu akija na namba yake napanda ngazi natafuta rafu kwa rafu kama mwizi. Mkuu wa masjala alikuja kusimama nyuma yangu. Sikujua yupo mpaka nilipoona kivuli. Nikamwambia mwenyewe kuwa nimefuta. Hakufoka. Aliandika kitu kwenye daftari lake na kusema litaangaliwa pamoja na matokeo ya mtihani. Bora angefoka.

Sasa naandika orodha upya, kutoka kwenye majalada yenyewe, saa ya chakula na baada ya kazi. Jana na leo nimefika mia moja na kumi.

Shangazi


18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani, na yangu ndiyo iliyopaswa kufika kwanza.

Sijui niseme nini. Maji yakishamwagika hayazoleki, na pole haiandiki majalada elfu mbili. Nimepoteza hamu ya kula. Hapa kazini naongea na watu, midomo inakwenda, akili iko kwenye kabati zako.

Lakini nitakuuliza kitu na usikasirike. Nilipiga simu siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Mara kumi na moja. Wewe unasema ulikuwa mezani na sandwichi. Mzee aliponipa namba aliniandikia kuwa simu ya masjala iko juu ya kabati fupi pembeni ya kiti chako, aliiona alipokuja kufuatilia kiwanja. Kwa nini hukupokea? Ungepokea hata mara moja, ningekwambia toa diski, na yote haya yasingetokea.

Unaniona nimekosa, nami nakubali nimekosa. Ila hili la simu linanizunguka kichwani, linakuja hata nikiwa naoga.

Waya


10 Mei

Waya,

Marahaba. Baba yako amekubali kwenda kwa daktari, kapewa dawa ya kupaka. Mtoto ameota jino.

Simu ilikuwa mbovu.

Orodha imefika mia tisa na sitini. Mtihani ni tarehe thelathini Juni. Kitabu chako nimekiweka chini ya mguu wa meza, ule uliokuwa unayumba, na sasa haiyumbi.

Shangazi


24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu.

Juzi nilipiga simu masjala. Akapokea mwanamke mwenye maneno mengi, nikajua ni Redio. Nikamuuliza kama simu iliwahi kuharibika mwezi wa Aprili. Akasema simu hii haijaharibika tangu aajiriwe, na kwamba shangazi yangu ana dharau, inaita pembeni yake yeye anaendelea kuandika tu. Akaongeza kwamba wateja nao umewawekea sheria siku hizi: hutoi jalada mpaka mtu aandike namba yake kwenye kikaratasi, hata kama ameshaitamka. Alisema hayo kama mashtaka. Mimi nilikaa kitako.

Nikakumbuka mtoto anayelia ambaye hukuona shida. Na mwalimu anayeutazama ukuta. Na mkuu aliyesimama nyuma yako. Shangazi, nakuuliza kwa heshima zote, na ukitaka usinijibu: masikio yako yakoje?

Ili usione nakuvua nguo peke yako, nami navua yangu. Mimi si mhandisi. Sijawahi kuwa. Nakaa kwenye ukumbi wa watu arobaini wenye vipokea sauti kichwani, simu inaingia, mtu analia kompyuta yake imekwama, namwambia izime uiwashe tena. Kwa siku naongea na watu sabini. Hicho ndicho cheo changu. Mwaka wa kwanza mzee aliwaambia majirani kuwa mwanawe ni mhandisi, nikaona nitawaambia ukweli nitakapokuwa mhandisi kweli, na ndiyo maana miaka inapita sirudi. Nitaulizwa maswali. Na kile kitabu sikukipitia. Nilisoma jalada.

Sasa nimechagua kingine, na safari hii nitakueleza nilivyochagua. Nilikwenda dukani siku yangu ya mapumziko, nikakaa sakafuni kati ya rafu na vitabu vinane. Kinachosema "kama unavyojua" kabla ya ukurasa wa kumi nilikirudisha. Kinachosema "hili ni rahisi sana" nilikirudisha pia, maana kwa mtu aliyekwama neno hilo ni tusi. Kimoja kilikuwa na picha nzuri lakini za mfumo wa toleo jingine. Ungetafuta kitufe hadi uzee usikipate. Vikabaki viwili. Nikatafuta katika kila kimoja mahali panaposema ukikosea urudije ulikotoka. Kimoja kilikuwa na nusu ukurasa mwishoni kabisa. Hiki ninachokutumia kinaeleza mwishoni mwa kila somo. Kina kurasa mia na sitini. Muuzaji aliniuliza kama nitanunua au nimehamia pale.

Halafu nikakifanya. Chote. Nilivua vipokea sauti, nikaomba mashine ya kona, nikafuata kila hatua siku nne bila kumuuliza mtu. Ilinitesa, sijazoea kukaa kimya. Nilipokwama nimeandika pembeni kwa penseli. Ukurasa wa 58 wamekosea, kitufe kiko kushoto. Somo la kwanza ni kunakili kazi yako kwenye diski nyingine. Kwenye kitabu lilikuwa la saba. Nimekuandikia namba upya.

Mwanao


12 Juni

Mwanangu Waya,

Marahaba, na marahaba nyingine juu yake.

Nilipofika pale ulipouliza, nilikunja barua nikaiweka kwenye droo siku tatu. Nilikukasirikia sana. Nikamkasirikia Redio, nikaikasirikia ile simu. Kisha nikaona waliobaki wa kukasirikiwa ni mimi.

Mwaka wa nne huu. Lilianza la kushoto, likafa kabisa. La kulia nasikia mtu akikaa karibu, akiwa ananitazama, pasipo kelele. Ukiwa nyuma yangu hupo. Daktari nilimwona mara moja, mbali na hapa, kwa kisingizio cha harusi. Alisema la kulia nalo linakwenda, mwaka, pengine miwili. Hakuna aliyejua, hata baba yako. Kazi ya dirishani ni ya kusikia: mtu anasema namba, unaleta jalada. Wakijua wataniondoa kwa barua ya ugonjwa, na mtihani hata hawatanisubiri niufanye. Kwa hiyo nilitunga vikaratasi. Nikajifanya mkali, na ukali ukanizoea. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimeniumbua kitabu.

Siku ile ya pili ya Aprili simu iliita mara kumi na moja, nami nimekaa hapo hapo nikijibu ndiyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Kitabu kipya ni kizuri. Kinaongea na mtu. Penseli yako naiona ukisogea nayo, mahali pengine umeandika "hapa nililaani" na mimi hapo hapo nikalaani. Amri ya nne nimejua ilikohamia. Orodha imekwisha, elfu mbili na mia tatu na mbili. Mawili nilikuwa nimeyasahau miaka yote tisa. Nimeinakili kwenye diski tatu, moja iko kabatini, moja nyumbani, moja natembea nayo kwenye mkoba.

Kuhusu uhandisi. Baba yako sikumwambia, hiyo ni kazi yako. Ila sioni aibu iko wapi. Watu sabini kwa siku wanaoanza wakilia na kumaliza wakishukuru, ni wahandisi wangapi wanapata hivyo?

Mtihani nautayarishia. Ninachoogopa sasa si kompyuta.

Shangazi


1 Julai

Mwanangu,

Salamu za wote zije nyuma, hili lije mbele.

Jana tulikaa kumi na wawili, kila mmoja na mashine yake. Nilikuja asubuhi nikachagua kiti cha mbele. Akaingia mwalimu na mkuu wa masjala. Nikasubiri karatasi za maswali. Hazikuja. Mwalimu akafungua daftari, akageukia ukuta kama kawaida yake, na nikaona mabega ya wenzangu yakiinama yote kwa pamoja, nao wakaanza kubofya. Alikuwa anasoma maswali kwa mdomo.

Waya, yote nilikuwa nayajua. Kila kilichomo katika kile kitabu ningekifanya nimefumba macho. Na nimekaa pale kama gunia. Nilitazama mashine ya Redio, nikasema nitafuata anachofanya yeye. Nikaanza kufuata. Naye alikuwa anakosea. Nikamwona anafungua mahali pasipo, nami najua si pale, na mkono wangu unataka kumfuata kwa sababu yeye amesikia na mimi sijasikia.

Hapo nikasimama. Nikasema: mimi sisikii. Nikasema sikio la kushoto limekufa na la kulia linakufa, ni miaka minne, na nimewaficha wote. Mnaoniona nina dharau sina dharau. Maswali nayaweza, lakini niandikieni. Ukumbi ukanyamaza, au pengine haukunyamaza, mimi ningejuaje.

Mkuu aliinuka. Kisha akachukua daftari la mwalimu mkononi mwake, akaja nalo, akaliweka mbele yangu, akaketi kando yangu kwenye kiti cha chini. Akawa ananionyesha swali kwa kidole, mstari kwa mstari. Ishirini. Nilipata kumi na nane. Redio alipata kumi na moja, na pia amepita.

Leo wameniita. Barua ya kustaafu hawakunipa. Nimebaki masjala, lakini dirishani nimeondolewa. Nimepewa chumba cha ndani, orodha na diski, na kuwaelekeza wapya kwa maandishi. Dirisha amepewa Redio. Nilikubali, nikatoka, nikaenda kulia kwenye stoo ya vifaa vya usafi, kwa sababu miaka ishirini na sita nimewaona watu wakija na wasiwasi na kuondoka na karatasi zao, na sasa nitaona ukuta. Nimeipata kazi na nimeikosa. Sijui nifurahi au nifanye nini, natembea tu humu ndani, baba yako ananiambia nikae.

Jioni nimemwambia habari ya masikio. Akasema aliona tangu mwaka juzi kuwa simjibu, alidhani sipendi kuongea naye. Tumekaa wazee wawili, mmoja na goti, mmoja na sikio, tukatazamana.

Sasa nikuombe, na hili sikuwahi kuliomba miaka yote mitano kwa kiburi. Vitabu vinatosha. Kusoma nitasoma mpaka nizikwe, macho yapo. Lakini sauti yako, Waya, naanza kutoikumbuka vizuri. Ninapokusoma nakupa sauti ya baba yako wa zamani, najua siyo. Sikio la kulia lina mwaka, pengine miwili. Njoo uongee. Uongee upuuzi wowote, hayo ya kuzima na kuwasha, mimi nitasikiliza.

Shangazi yako


13 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nimepewa ruhusa ya wiki mbili kuanzia kesho. Mzee nitamwambia mwenyewe, mezani, nimeshajifunza la kusema. Barua hii naitia posta kwa mazoea tu, maana inachukua siku sita na mimi nachukua siku mbili. Itakapokufikia, nitakuwa nimekaa upande wako wa kulia, na labda utakuwa umeshanichoka.

Waya